Ufutio Uliokula Karatasi: Uchambuzi wa Kisa cha Mtu Aliyependa Kuchora na Asichore

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 47, mhasibu, mwenye familia na afya njema. Tumemuunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wengi wenye shida ya aina hii, kwa hiyo hana jina na hakuna haja ya kumtafuta. Shida yake ni fupi kuieleza: anapenda kuchora watu kuliko kazi nyingine yoyote ya mikono, na hachori.

Vifaa anavyo. Droo moja nyumbani kwake ina madaftari sita ya kuchorea, na matano kati ya hayo hayajaguswa. Ana rangi za maji ambazo bado zimo ndani ya nailoni yake. Ana penseli za kila ugumu kuanzia 2H hadi 6B, zote zimechongwa vizuri. Karibu kila usiku hutazama video za wachoraji kwa muda wa saa nzima. Akiulizwa ataanza lini, jibu liko mdomoni: kwanza ajifunze vizuri, kwanza kazi ya kufunga hesabu za mwaka iishe, kwanza apate meza yenye mwanga wa kutosha.

Alipokuwa na miaka 11, mwalimu aliinua mchoro wake mbele ya darasa kuonyesha jinsi uso usivyochorwa, na darasa zima likaangua kicheko. Yeye mwenyewe hulitaja tukio hilo kila mara kama chanzo cha yote, na walio karibu naye huling'ang'ania hivyo hivyo. Sisi tunalipa uzito mdogo zaidi. Linaeleza woga ulikotoka. Halielezi kwa nini bado uko hai miaka 36 baadaye, wakati mwalimu hayupo na darasa limeshatawanyika. Kuna kitu kinachoulisha woga huo wiki hii, na bahati nzuri ni kitu anachokifanya mwenyewe, kwa maana hiyo anaweza kukiacha.

Wiki mbili za kuandika tu

Kabla ya ushauri wowote, mhusika aliombwa kuweka kumbukumbu kwa siku 14. Kila alipopata hamu ya kuchora aliandika saa, alichofanya, na kiwango cha woga kwa kipimo cha 0 hadi 100. Kipimo hicho kililetwa na daktari Joseph Wolpe katika miaka ya 1960 na bado hakijapata mbadala rahisi zaidi: sifuri ni utulivu kamili, mia ni woga mkubwa kuliko wote mtu anaoweza kuufikiria.

Hamu ilikuja mara 19. Alikaa mezani mara 4. Mchoro uliokamilika ulikuwa 1. Kilichofaa zaidi kukijua, hata hivyo, ni mahali woga ulipopanda. Haukuwa mkubwa wakati mkono unachora. Ulifika 70 na zaidi katika dakika moja kabla ya mstari wa kwanza, ukashuka, kisha ukaruka tena mtu alipopita nyuma ya kiti chake. Wakati wa kutazama video woga ulikuwa 10. Kwa maneno mengine, kuchora kwenyewe hakumtishi. Kinachomtisha ni kuanza na kuonekana, na mpango wowote usiogusa hayo mawili ungekuwa kazi bure.

Jioni moja, kwa karibu

Kati ya zile jioni nne, moja inatosha kuonyesha jinsi mtego unavyofanya kazi. Anakaa saa mbili na nusu usiku na picha ya binti wa dada yake kwenye simu. Anachora kichwa kwa penseli ya HB, kisha macho, pua, mdomo. Anafika kwenye taya na haikai sawa. Anafuta, anachora upya, anafuta. Baada ya kufuta mara kumi hivi, karatasi inaanza kutoa nyuzinyuzi na risasi ya penseli haishiki tena mahali pale, inaacha doa la kijivu. Anafungua simu kuangalia uso uliochorwa na mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Anachana ukurasa, anaukunja na kuutupa, anarudisha penseli kwenye kopo. Katika kumbukumbu yake ya saa tatu kasoro dakika tano ameandika: "Woga 75. Baada ya kutupa, 20. Nimepata nafuu."

Nafuu hiyo ndiyo chakula cha woga. Mwanasaikolojia O. H. Mowrer alieleza mwaka 1947 kwamba kukwepa huimarika kwa sababu kunalipa papo hapo: woga unashuka, na akili inajifunza kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa. Kesho yake woga unaanza juu zaidi, maana sasa kuna ushahidi mpya kwamba mezani kuna hatari.

Lakini huyu hakukwepa kwa kuondoka tu. Alikuwa amekaa anachora huku akijikinga. Mwanasaikolojia Paul Salkovskis aliziandika tabia za aina hii mwaka 1991, na tangu hapo wengi wanaoshughulika na woga huzitafuta. Ni vitendo vidogo ambavyo mtu huvifanya ndani ya jambo analoliogopa ili baya lisitokee. Ubaya wake ni kwamba baya lisipotokea, sifa inaenda kwa kinga, na mtu habaini kamwe kwamba hata bila kinga lisingetokea. Kwa mhusika wetu tulizihesabu hizi: ufutio; kuchora kutoka kwenye picha ya simu, ambayo haisogei na haimtazami; kukinga karatasi kwa mkono wa kushoto; kusema "si nzuri sana, nilikuwa najaribu tu" kabla mtu hajaona kitu; kujilinganisha na bingwa, ili hukumu itoke kwake kabla haijatoka kwa wengine; na video zenyewe, ambazo humpa hisia ya kusonga mbele bila kuchora mstari hata mmoja.

Ufutio unahitaji neno la ziada. Kwa mchoraji mzoefu ni chombo cha kazi kama penseli, hupunguza giza, huchora mwanga ndani ya kivuli. Mikononi mwa mtu mwenye shaka hubadilika kuwa hakimu anayetoa hukumu kila sekunde kumi. Kazi hii ya uhasibu nayo inachangia. Mtu amelipwa kwa miaka zaidi ya ishirini ili aone kosa la tarakimu moja kwenye ukurasa wenye mia nne, na analiona. Jicho hilo halizimiki saa za kazi zikiisha. Linamfaa sana mchoro ukishakamilika. Likiingia mapema, mchoro haukamiliki.

Kuna jambo jingine kuhusu ile taya, na wasaidizi wengi wa masuala ya woga hulipita kwa kuwa hawachori. Taya haikuwa na kosa. Macho yalikuwa juu mno. Kwenye kichwa cha mtu mzima, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni, macho yanakaa takriban katikati. Wanaoanza karibu wote huyaweka juu zaidi, kwa sababu paji la uso na nywele huonekana kama sehemu tupu isiyo na habari, na akili huipunguza. Macho yakipanda, nusu ya chini ya uso inarefuka, na taya ndiyo inayoonekana mbaya. Angefuta taya ile mpaka asubuhi isingekaa. Sehemu ya shaka ya mtu huwa ni ujuzi mdogo uliokosekana, na ujuzi huo ukitajwa kwa jina, "sina kipaji" inageuka kuwa "macho yashuke sentimita moja". La kwanza halina dawa. La pili linachukua sekunde tano. Pamoja na hilo alipewa vipimo vingine viwili tu: kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja, na sikio linaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Zaidi ya hapo angerudi kwenye video.

Kilichojaribiwa kwanza kikashindwa

Mke wake na marafiki wawili walikuwa wamejitahidi kumtia moyo kwa miezi. "Wewe una kipaji, acha woga." Nia ilikuwa safi na matokeo yalikuwa mabaya. Mtu asiyejiamini akiambiwa ana kipaji hupata deni: sasa kila mchoro unapaswa kuthibitisha kipaji hicho, na mchoro mbaya unakuwa ushahidi kwamba amewadanganya wote. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika andiko lake la 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanikiwa mwenyewe kwa kutenda, kuona mwingine anayefanana na wewe akifanikiwa, kuambiwa na watu kwamba unaweza, na namna unavyoisoma hali ya mwili wako. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya watu ni dhaifu, tena hufutwa upesi na kushindwa kumoja. Familia ilikuwa inamwagia cha tatu bila kukoma huku cha kwanza kikiwa kikavu.

Rafiki mmoja alimpa kisa cha Henri Rousseau, mtoza ushuru wa Paris aliyeanza kuchora kwa dhati akikaribia au kupita miaka arobaini, akachekwa hadharani, akaendelea kuonyesha kazi zake karibu kila mwaka kuanzia 1886. Kisa ni cha kweli na ni kizuri, na kilimgusa kwa siku mbili. Kisha akasema, "Yule alikuwa Rousseau." Mfano wa mbali mno haumsaidii mtu, ataona tofauti kabla ya kuona mfanano. Baadaye, darasani, alikutana na mwanamke aliyeanza miaka miwili kabla yake na ambaye bado alikuwa anakosea mikono. Huyo alimsaidia kuliko Rousseau.

Mpango

Tuliupanga kwa lengo moja: apime utabiri wake mwenyewe bila kinga, tena na tena, kwa ukubwa unaovumilika. Kuondoa woga halikuwa lengo. Anayesubiri woga uishe ndipo aanze atasubiri kwa sababu tulizokwisha kuzieleza: unaisha, ukiisha, kwa kuanza.

Vifaa vilibadilishwa siku ya kwanza. Penseli na ufutio viliwekwa kabatini, ikaletwa kalamu ya kawaida ya wino. Mstari wa wino haufutiki. Ukikosea, unaacha uliokosewa na kuchora sahihi pembeni yake, mistari miwili ikae pamoja. Madaftari mazuri nayo yalikwenda kabatini. Daftari la bei linadai mchoro wa bei. Zilichukuliwa karatasi 8 za A4, zikakatwa kila moja vipande vinne, zikapatikana 32 za ukubwa wa A6, zinazoenea kwenye kiganja. Hizo ndizo kazi ya wiki mbili za mwanzo, na sharti likawa zijae zote. Mchoro mbaya ukishakuwa mmoja kati ya 32, hauna uzito wa kuvunja moyo.

Muda ulikuwa dakika 10 kwa kipima muda cha simu. Saa haikuchaguliwa, lilichaguliwa tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha, katika kazi yake iliyofupishwa mwaka 1999, kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia iliyo wazi. Kwa hiyo sentensi iliandikwa na kubandikwa juu ya droo: "Nikishamaliza kupanga vyombo kabatini baada ya chakula cha usiku, nitakaa mezani na kuwasha kipima muda." Video zilihamishiwa baada ya mchoro, kamwe si kabla.

Kisha ikajengwa ngazi. Alama za woga alizitoa mwenyewe:

1. Kuchora kwa wino peke yake, dakika 10: 40
2. Kuchora uso wake kwenye kioo bila kutazama karatasi: 45
3. Kuacha mchoro mbaya juu ya meza usiku kucha, wote wa nyumbani wauone: 50
4. Kumchora mke wake, naye anajua: 60
5. Kuchora watu kwenye kituo cha basi: 65
6. Kumwonyesha rafiki michoro mitano, miwili ikiwa mibaya, bila kuomba radhi: 75
7. Darasa la jioni ambako wanafunzi hutazama kazi za wenzao: 80
8. Kumpa mtu mchoro aondoke nao: 85
9. Kubandika mchoro wenye jina lake ukutani kazini: 95

Kidato cha kwanza kiliwekwa 40 makusudi. Kikiwa 10 hakifundishi kitu, kikiwa 80 mtu anakimbia. Kwenye kila kidato aliandika kabla ya kuanza: "Ninatabiri nini kitatokea, na nina uhakika kwa asilimia ngapi?" Baada ya kumaliza aliandika kilichotokea. Kibali cha kupanda hakikuwa woga kushuka. Michelle Craske na wenzake walieleza mwaka 2014 kwamba kushuka kwa woga ndani ya zoezi si kipimo cha kutegemewa cha kujifunza. Kinachofundisha ni pengo kati ya ulichotabiri na kilichotokea. Pengo likionekana mara tatu, anapanda, hata kama mikono bado inatoa jasho.

Wiki nne za kwanza

Karatasi 32 zilijaa kwa siku 13. Kidato cha pili kilimfaa kuliko tulivyotarajia. Ukichora huku macho yako kwenye kioo na hayagusi karatasi, uso unatoka umepinda, sikio linaelea hewani, na haiwezekani kutoka vinginevyo. Yule hakimu wa ndani anakosa kesi. Siku ya nne aliandika kwamba mstari wa shingo katika mchoro mmoja wa namna hiyo ulikuwa hai kuliko chochote alichochora kwa penseli, na alikuwa sahihi: mkono uliofuata jicho polepole huchukua mambo ambayo mkono unaokumbuka umbo hauyachukui.

Kidato cha tatu, mchoro mbaya mezani usiku kucha, alikitabiria mzaha kutoka kwa watoto wake kwa uhakika wa asilimia 80. Asubuhi walikuwa wameweka kikombe juu yake.

Kituo cha basi kilikuwa kigumu kweli. Utabiri: "Angalau watu watano watasimama kunitazama, na mmoja atasema neno." Uhakika asilimia 90. Alikaa dakika 25. Wawili walitupa jicho na kupita. Mtoto mmoja alisimama, akauliza kama anaweza kuchorwa. Jambo hili linafahamika vizuri katika utafiti. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliingia chumbani wakiwa wamevaa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea aibu. Walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wangetambua picha hiyo, na waliotambua walikuwa takriban robo. Kila mtu yuko katikati ya macho yake mwenyewe, na huzidisha anavyoonekana na wengine. Tulimpa matokeo hayo *baada* ya kituo cha basi. Angepewa kabla, angeyatumia kama kinga nyingine.

Kuhusu moyo kwenda mbio na mkono kutetemeka, aliambiwa asijaribu kujituliza. Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia kuwa wana msisimko kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwili wenye woga na mwili wenye shauku hufanana sana, na ni rahisi kuhama kutoka huu kwenda ule kuliko kuushusha wote ukalala. Aliambiwa pia achore mistari mirefu kwa bega badala ya vidole, maana mtetemeko wa vidole hauonekani sana kwenye mstari unaoongozwa na mkono mzima.

Alipoanguka

Wiki ya tano aliruka kidato cha sita. Kituo cha basi kilimpa nguvu, akajiandikisha darasani moja kwa moja. Jioni ya pili mwalimu, kwa nia njema, alichukua kalamu na kusahihisha bega juu ya mchoro wake, wenzake wakitazama. Alirudi nyumbani na hakuchora kwa siku 12.

Wengi wangesema hakuwa tayari. Tunaona sababu mbili zilizo wazi zaidi. Kwanza, aliweka majaribio mawili kwa mpigo: kuonyesha kazi kwa mara ya kwanza, na kukosolewa hadharani kwa mara ya kwanza. Yakiharibika huwezi kujua ni lipi lililoharibika. Pili, utabiri wake safari hii ulikuwa umetimia, na hakuwa ameandika upande wa pili wa utabiri. Aliandika "watanikosoa". Hakuandika "na nikikosolewa, nini kitafuata?" Aliyekaa muda mrefu na woga huishia katikati ya sentensi, hafiki mwisho wake. Tangu hapo kila utabiri ulikuwa na nusu mbili, na nusu ya pili ndiyo iliyopimwa: je, atafukuzwa, atadharauliwa wiki nzima, atashindwa kushika kalamu?

Marekebisho yalikuwa kurudi vidato viwili nyuma, hadi cha tano, siku ileile aliporudi. Kurudi mwanzo kabisa kungekuwa adhabu, na kung'ang'ania darasani kungekuwa ubishi. Kisha akafanya cha sita vizuri: akamkabidhi rafiki michoro mitano, akafunga mdomo, akahesabu hadi kumi moyoni. Kimya hicho ni zoezi gumu kuliko linavyosomeka. Aliandika 85, juu kuliko alivyokadiria. Rafiki aliipitia yote, akarudi kwenye mmoja kati ya ile miwili mibaya na kuuliza ni nani yule mzee. Darasani alirudi na ombi moja kwa mwalimu: "Naomba unisahihishie kwenye karatasi ya pembeni, ili niione tofauti." Mwalimu alikubali bila shida. Huku si kukwepa ukosoaji. Ni kuchagua umbo lake linalofundisha.

Ukosoaji uliofuata aliupitisha kwenye swali moja: je, unataja sehemu ninayoweza kuijaribu kwenye mchoro ujao? "Bega liko juu" inapita. "Haina uhai" haipiti, na haibebwi kwenda nayo nyumbani.

Raha ilipimwa peke yake

Kuanzia wiki ya tatu kila mchoro ulipewa alama mbili nyuma ya karatasi: raha aliyopata akichora, 0 hadi 10, na ubora kwa jicho lake. Ilikuwa lazima alama ya raha iandikwe kwanza, kabla ya kuugeuza mchoro na kuutazama, la sivyo ubora unaimeza. Baada ya michoro 60 hivi alama hizo mbili hazikwenda pamoja hata kidogo. Michoro aliyoiona mizuri zaidi ilikuwa ya vitu vilivyotulia, kiti, kiatu, chupa, aliyoichora kwa kuwa video zilisema ndio msingi. Raha yake ilikuwa 3 na 4. Michoro ya watu wanaotembea, wanaobeba mzigo, wanaogeukia wenzao, iliyochorwa kwa sekunde 30 hadi dakika 2, ilikuwa na raha ya 8 na 9 na ubora wa kubahatisha.

Hapa ndipo tunapoona watu wengi wakipotea bila kujua. Wanashinda woga, wanaanza, kisha wanajipangia mwaka mzima wa mambo yasiyowapa raha kwa sababu ndiyo yanayoheshimika, na wakichoka wanahitimisha kwamba hawakuwa wakipenda kweli. Mhusika alipindua mgawanyo: dakika 8 kati ya 10 zikawa za watu walio kwenye mwendo, na mazoezi ya vitu vilivyotulia yakafanywa pale tu yanapotatua tatizo alilokutana nalo kwenye watu. Kiatu alikirudia kwa hamu mwenyewe, baada ya kushindwa kuchora mtu anayekimbia.

Wiki ya tisa mfanyakazi mwenzake aliona michoro na kutaka kumlipa achore familia yake. Ilikuwa heshima, na ndani ya siku tatu muda wa kuchora ulikuwa umegeuka zamu ya pili ya kazi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwafuatilia watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kama zawadi ya kuchora, baada ya wiki moja au mbili walitumia takriban nusu ya muda waliotumia wenzao kuchora kwa hiari yao. Waliopata cheti bila kuahidiwa hawakupungua. Kwa hiyo haikuwa zawadi yenyewe iliyoharibu. Ilikuwa ni kuchora *kwa ajili ya* zawadi. Mhusika alikataa malipo, akachora familia ile kwa namna yake, na wiki ya kumi na mbili akampa mwenzake mchoro aondoke nao. Kidato cha nane kikapandwa kwa njia hiyo. Malipo si dhambi, na huenda siku moja yakaja. Katika miezi ya mwanzo, raha ikiwa bado changa, ni mapema.

Hali baada ya miezi sita

Mchoro mmoja umebandikwa ukutani kazini ukiwa na jina lake, karibu na mlango. Woga wa mstari wa kwanza umeshuka kutoka zaidi ya 70 hadi kati ya 30 na 40, na haujashuka zaidi. Hatukutarajia ushuke zaidi. Anachora siku tano kati ya saba kwa wastani. Penseli imerudi, na ufutio nao, kwa sharti kwamba hauguswi kabla kipima muda hakijalia. Wiki za kufunga hesabu, muda hupunguzwa hadi dakika 3 lakini haufutwi. Kuacha kabisa kwa wiki mbili humrudisha kwenye alama za 55 na 60, na anajua kwamba hapo anaanzia kidato cha nne.

Mpango huu una mipaka. Unamfaa mtu ambaye hamu ipo na woga umeikalia. Kama mtu hapati raha kwenye jambo lolote, si kuchora tu, na hali hiyo imedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, uchovu au mawazo ya kutotaka kuishi, huo huenda ni ugonjwa wa sonona, na hatua ya kwanza ni kumwona mhudumu wa afya. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri miadi. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye tukio la zamani humrudia kama linatokea sasa, kwa picha, jinamizi au mwili kuganda: ngazi ya namna hii ijengwe na mtaalamu aliyefunzwa, kwa sababu kupanda vidato bila msaada kunaweza kumzidishia. Mhusika wetu aliulizwa maswali hayo siku ya kwanza, kabla ya karatasi ya kwanza kukatwa.